Tupeane uzoefu: ulipochagua MP3 pleya uliangalia nini?

Wakuu, habari za jioni. Simu yangu ikishinda inapiga muziki, kufika saa kumi haina chaji. Nataka kidude cha nyimbo peke yake. iPod Apple waliachana nayo 2022, kwa hiyo ni mtumba au kampuni nyingine. Mimi fundi cherehani, mikono iko kwenye kitambaa muda wote. Nyie mlichaguaje?

Mlinzi wa Zamu:
Anza na batani, mkuu. Nalinda usiku. Cha kwanza nilinunua cha tachi, kizuri kweli, lakini kubadili wimbo mpaka uwashe kioo, uso mzima unang'aa. Mwizi anakuona kabla hujamwona! Nikampa mpwa wangu. Hiki cha sasa kina batani tano, ya katikati ina kinundu, naongeza sauti kikiwa mfukoni mwa koti. Sikio moja lakini, la pili ni la kazi.

Bibi Mawaidha:
Mie nyimbo sina habari nazo, nasikiliza darsa. Moja lina saa nzima na nusu. Kidude changu cha mwanzo ukikizima katikati, ukiwasha kinarudi mwanzo. Wiki nzima nasikia salamu za sheikh, mwisho wa darsa siujui! Basi mwanangu, hapo hapo dukani weka faili, ipeleke mbele, zima, washa. Kikirudi mwanzo, mrudishie mwenyewe. Na GB nyingi wanazokusifia zisikubabaishe: MP3 ya 128 kbps (ndiyo kipimo cha ubora wa sauti) inakula kama MB 1 kwa dakika, GB 8 ni saa 130 hivi. Utashona magauni mangapi?

Konda Mstaafu:
Mimi nilipigwa kwenye memori kadi. Imeandikwa GB 128, bei ya chapati mbili na supu, nikajiona mjanja. Nyimbo za mwanzo safi, za mbele majina yapo, sauti hakuna. Kumbe feki, nafasi yenyewe haifiki hiyo GB 128. Ukinunua ijaze yote siku hiyo hiyo, ujaribu za mwisho.
Halafu kuna hili: kadi ya GB 64 kwenda juu huja na exFAT, namna mojawapo ya kupanga mafaili kwenye kadi, na pleya nyingi ndogo zinajua ile nyingine, FAT32, tu. Ukichomeka inakwambia hakuna kadi. Usiitupe, iformati upya iwe FAT32.

Mwenye mada:
Shikamoo Bibi, hilo la kuzima na kuwasha nisingeliwaza. Konda, pole sana, supu imekutokea puani. Nimeona moja ina redio FM, nikivaa hedifoni za bluetooth itashika? Waya unanasa kwenye cherehani.

Bibi Mawaidha:
Marahaba. Nyingi hazishiki, mwanangu, waya wa hedifoni ndiyo antena yenyewe. Mie naupitisha ndani ya nguo, unatokea shingoni.