Makabati ya jikoni yenye glezi: nimepaka mlango mmoja, rangi inabanduka. Naombeni ushauri

Jiko Jipya:
Habari zenu wakuu. Makabati yangu ya jikoni ni ya mbao, rangi ya krimu, na juu yake yalipakwa glezi, ile rangi nyepesi ya kahawia inayopakwa kisha kufutwa ili ibaki kwenye kona na mifereji ya mlango. Kwa miaka mingi ile kahawia imekolea hadi inaonekana kama uchafu, na kuzunguka vishikio pananata hata nikifuta. Nataka yawe meupe.

Nilianza na mlango wa chini ya sinki. Nikaupiga msasa kidogo, nikapaka rangi nyeupe ya maji mara mbili. Siku ya tatu nikakwaruza kwa ukucha, rangi ikatoka kama ganda la kitunguu. Tena kwenye mifereji madoa ya manjano yamejitokeza juu ya weupe. Milango imebaki 17 na sitaki kuiharibu. Nimekosea wapi?

Mti Mkavu:
Pole mkuu. Kabla ya msasa uliuosha kwa kitu gani?

Jiko Jipya:
Nilifuta tu kwa kitambaa chenye maji.

Mti Mkavu:
Basi tatizo lilianzia hapo. Mvuke wa mapishi hubeba mafuta, na mafuta hayo hukaa juu ya vanishi. Ukipiga msasa kabla ya kuyatoa, unayasugua yaingie kwenye mikwaruzo, kisha rangi inakosa pa kushika. Osha kwa sabuni inayokata mafuta, suuza kwa maji safi mara mbili, halafu pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na umanjano, rudia. Kwenye mifereji tumia mswaki wa zamani, maana kitambaa hakifiki.

Ukauke kabisa ndipo upige msasa namba 150, umalizie na 220. Si lazima uondoe glezi yote. Juu yake kuna koti la vanishi linalong'aa, unachotaka ni kuua ule mng'ao hadi mlango wote uonekane umefifia, na kona usizisahau. Usitumie pamba ya chuma: nyuzi zake hubaki na zinashika kutu chini ya rangi ya maji. Futa vumbi lote.

Yale madoa ya manjano ni glezi au utomvu wa mbao unaopenya. Rangi ya maji peke yake haiwezi kuyazuia, hata upake mara tano. Paka praima (koti la kwanza la kushikisha rangi) ya kuzuia madoa, ya sheleki (utomvu unaoyeyushwa kwa spiriti) au ya mafuta, kisha ndipo rangi.

Na huo uliokwisha kuharibika usiupakie rangi juu. Kwangua yote, anza upya.

Kibisibisi:
Naongezea. Hakikisha milango yote ni mbao kweli. Mingine ni ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa na kuvikwa plastiki nyembamba. Angalia ukingo wa ndani karibu na bawaba, ukiona plastiki imeanza kuachia, msasa na rangi havitasaidia mpaka uibandue.

Kama nyumba ni ya zamani sana, pima rangi ya chini kama ina risasi (madini yenye sumu) kabla ya kutoa vumbi lolote, hasa kama kuna watoto. Praima ya sheleki huchanganywa na spiriti, mvuke wake unashika moto: zima jiko, fungua madirisha, vaa barakoa ya mvuke wa kemikali. Ile ya vumbi haitoshi.

Rangi Mbili:
Mimi ningemalizia na rangi ya mafuta. Ni ngumu na inasawazika vizuri.

Mti Mkavu:
Ni ngumu kweli, ila nyeupe ya mafuta hugeuka manjano, hasa upande wa ndani usiopata mwanga. Kwa nyeupe ningechukua rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya makabati na milango, si ya ukutani.

Mama Pacha:
Mdogo wangu, usiwe na haraka ya kurudisha milango. Yangu ilikuwa mikavu nikigusa, nikaifunga siku ya pili. Asubuhi ilikuwa imegandana na fremu, nilipovuta ikaacha vipande. Kukauka si kukomaa. Nyingi huchukua wiki 3 hadi 4, na muda huo usiisugue wala kuiosha kwa sabuni kali. Pia andika namba ndani ya tundu la bawaba, palipo na kikombe chake, kisha bandika mkanda juu, la sivyo hutajua mlango upi ni wa wapi.

Jiko Jipya:
Asanteni sana. Nimerudi na majibu. Nilikwangua ule mlango, nikauosha mara tatu (maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai), msasa, praima ya sheleki, rangi mara mbili. Nimeuacha wiki 2. Jana nikachora alama ya X kwa wembe pembeni, nikabandika mkanda, nikauvuta kwa nguvu. Mkanda umetoka mtupu, bila rangi, na mifereji imebaki nyeupe. Leo nimefungua skrubu za milango sita ya juu, namba nimeandika ndani ya tundu la bawaba kama Mama Pacha alivyosema. Naanza kuosha.