Kufunga tovuti iwe programu ya Android: Capacitor au Bubblewrap?

karani_kibosho (Moshi)
Wakuu, habari za humu, na wakubwa shikamooni. Nina mfumo wa tovuti wa kupokea kahawa ya maganda kwenye chama chetu cha msingi. Karani anapima, anaandika kilo na jina la mkulima. Huko juu mtandao ukikata, rekodi zinabaki kwenye simu mpaka ashuke mjini. Nimeufunga kwa Capacitor, zana inayoweka faili za tovuti ndani ya programu ya simu, unafungua ukurasa mweupe tu, lakini kwenye Chrome ya simu hiyohiyo unapiga kazi. Niendelee kuhangaika au nihamie Bubblewrap, ile inayofungua tovuti iliyo kwenye seva kupitia Chrome? Msimu unakaribia.

fundi_njiro (Arusha)
Usihame kwa ajili ya ukurasa mweupe, mkuu. Kwenye seva mfumo wako unakaa folda ndogo, siyo? Basi ulipoujenga, faili zote ziliambiwa zitafutwe kwenye folda hiyo, na ndani ya programu haipo. Jenga upya, njia za faili zianze na "./". Chomeka simu kwa waya kwenye kompyuta, andika chrome://inspect, utaziona zilizokosekana kwa majina.

dada_sakina (Arusha)
Mimi natumia Bubblewrap kwa tovuti ya safari za watalii na naipenda. Nikibadilisha ukurasa kwenye seva, wateja wanauona bila kupakua programu upya. Kilichonitesa siku tatu ni upau wa anwani kung'ang'ania juu ya skrini. Faili ya assetlinks.json, inayothibitisha kwamba tovuti na programu ni za mtu mmoja, ilikuwa na alama ya utambulisho (SHA-256) ya ufunguo wangu wa kusaini programu, kumbe Play Store wanasaini upya kwa ufunguo wao. Chukua alama iliyo kwenye Play Console (ukurasa wa Play Store wa wenye programu), uiweke humo pamoja na yako.

karani_kibosho
Fundi, Mungu akubariki, ni folda kweli. Sasa ukurasa wa kuingia unaonekana, ila seva inakataa kila nywila.

fundi_njiro
Hiyo siyo nywila. Android inaiwekea kila programu uzio wake, na kurasa zako sasa zinatoka https://localhost, si kwenye tovuti yako tena. Seva inakuona mgeni. Itaje anwani hiyo kwenye ruhusa za CORS, yaani orodha ya anwani za nje ambazo seva inazikubali, neno kwa neno. Nyota (*), yaani kuruhusu wote, haikubaliki pale vidakuzi (cookies) vya kuingia vinapotumwa. Vidakuzi vyenyewe viwe SameSite=None na Secure, ili vitumwe hata kutoka anwani nyingine. Na kama seva bado ni http tupu, tangu Android 9 inazuiwa bila kuulizwa.

mzee_marangu (Moshi)
Vijana, mmeongea vizuri lakini mmeruka jambo zito. Kilo za mkulima ambazo hazijatumwa zinakaa wapi? Kivinjari hutunza data kwa anwani. Capacitor kabla ya toleo la 6 ilitumia http://localhost kwenye Android, toleo la 6 likaja na https. Ukipandisha toleo bila kubakiza androidScheme (mpangilio unaochagua http au https) ya zamani, programu inafunguka tupu. Data ipo, lakini chini ya anwani ambayo programu haiitazami tena. Nimeona karani akilia kwa hilo. Mama aliyebeba gunia kichwani toka shambani huwezi kumwambia arudi kupima, kahawa imeshachanganywa.

dada_sakina
Mzee shikamoo. Hapo lazima niseme ukweli: Bubblewrap inatumia hifadhi ya Chrome yenyewe. Simu ikijaa, mtu akafuta data za Chrome, na za programu zinaondoka. Kwa safari zangu si kitu, maana kila kitu kipo kwenye seva. Kwa kahawa, sikushauri.

mzee_marangu
Marahaba binti. Karani, baki na Capacitor, lakini rekodi ziweke kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu, kupitia programu-jalizi, usiziache kwenye hifadhi ya kivinjari. Na uwakataze makarani kuiondoa programu kabla hawajatuma, maana ikiondolewa inaondoka na vyote.

karani_kibosho
Nimeelewa, mzee wangu. Kuingia kumekubali sasa hivi, ilikuwa CORS. Leo usiku nahamishia rekodi kwenye SQLite. Kesho napanda na simu mbili, nizime data, nipime magunia kumi, kisha niwashe nione kama yote yamefika.

mzee_marangu
Katikati ya hayo kumi, izime simu ghafla halafu uiwashe. Huko juu chaji huisha.