Kifuniko cha mtaro getini kimekunjika: niongeze nondo au nibadili?

Mwenye stoo: Wakuu, habari za jioni. Tuna stoo ya saruji, mtaro wa barabara unapita mbele ya geti, upana sentimita 50. Fundi alituwekea nondo za milimita 16, kila sentimita 5. Limepita roli lenye mzigo, zote zimekunjika katikati. Sasa anataka tuongeze nondo. Mnashaurije?

Fundi chuma: Mkuu, usiongeze hata moja. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli ya matairi manne, yaani tani mbili na nusu kila tairi, na hapo mshtuko wa roli likiingia kwa kasi hujauhesabu. Tairi linakanyaga nondo kama tano, kila moja inabebeshwa nusu tani. Kwa upana huo nondo ya 16 haiwezi.

Tafuta flatibaa, yaani vyuma bapa virefu, uzisimamishe wima kwa ubavu mwembamba. Flatibaa ya milimita 50 kwa 10 ikisimama inaishinda nondo yako zaidi ya mara 10, na uzito wake ni mara mbili na nusu tu. Ukiilaza, nguvu inabaki moja ya tano. Kwa maroli ya saruji mimi naweka 100 kwa 12.

Halafu kagua ncha. Vifuniko vingi vinavyoletwa karakana kwetu vimechomelewa ubavuni mwa fremu, mzigo wote unabebwa na mshono. Hilo linaniuma sana, maana watu wanapita hapo. Ncha zikalie juu ya engo, chuma chenye umbo la L, iliyofungwa kwenye zege.

Mwenye stoo: Shukrani sana. Nitajuaje kuwa kimefaa kabla ya kukifunga?

Fundi chuma: Kipeleke kwenye presi, mashine ya kukandamiza. Kipimo cha Ulaya, EN 124, kwa njia ya magari ni daraja la D400: kilonyutoni 400, kama tani 40, kupitia bamba la duara la milimita 250 katikati. Kwanza theluthi mbili ya mzigo mara tano, wapime kama kimebaki kimebonyea. Kisha mzigo wote sekunde 30, kisipasuke.

Mpanda baiskeli: Flatibaa zikivuka mtaro zinafuata njia yetu ya kuingia getini. Gurudumu si litazama?

Fundi chuma: Umesema kweli, ndugu. Nafasi zisizidi sentimita 3, na fundi achomelee vipande vya nondo kukatiza kila sentimita 15.