Naombeni ushauri: kadi isiyo na makato ya kutumia nje ya nchi

Njia Panda (mleta uzi)

Wakuu, habarini za muda huu.

Nategemea kwenda kusoma nje kwa miezi kadhaa, na humo katikati nitapita nchi mbili tatu ambazo kila moja ina sarafu yake. Kadi ya debiti niliyonayo sasa inakata asilimia 3 kwa kila muamala wa nje, na nikitoa hela ATM kuna ada nyingine juu yake. Maana yake katika kila 1,000 nitakayotumia, 30 inaondoka bure. Nikijumlisha pango, nauli na chakula cha muda wote huo, ni hela ya maana sana kwa mtu anayejisomesha.

Nimeanza kutafuta kadi zinazojitangaza kuwa hazina makato. Zipo za benki, zipo za kampuni za kwenye simu, zipo za kujaza hela kabla ya safari. Zote zinaongea lugha moja, nimeshindwa kuzitofautisha. Wenye uzoefu nisaidieni: hiyo "bila makato" ni ya kweli, au wanakata kwa njia nyingine? Na nichukue ya debiti au ya mkopo?

Nawasilisha.

Mzee wa Risiti

Mkuu, vizuri umeuliza kabla ya kuondoka. Nisome taratibu maana ni ndefu kidogo.

Wanaposema "bila makato", mara nyingi wanazungumzia kitu kimoja tu: ile ada ya muamala wa nje, ambayo kwenye kadi nyingi huwa kati ya asilimia 1 na 3. Hata ikiondolewa, bado kuna sehemu nyingine ambazo hela inaweza kupenya, na kubwa kuliko zote ni kiwango cha kubadilishia. Kampuni inaweza isikutoze ada hata kidogo, halafu ikakubadilishia kwa kiwango chake yenyewe ambacho faida imeshawekwa ndani. Kwenye taarifa ya akaunti huioni, kwa sababu haina mstari wake. Unaona jumla tu, na jumla hailalamiki. Kwa hiyo ukisoma masharti, tafuta wanatumia kiwango cha nani. Wakisema ni cha Visa au Mastercard bila nyongeza, uko pazuri. Hiyo ni mitandao ya malipo ya kadi, na inaweka viwango vyake vya kila siku kwenye tovuti zake, na kuna kikokotoo: unaingiza tarehe, sarafu mbili, na asilimia ya benki yako, unaona mwenyewe utakatwa ngapi. Viwango hivyo huwa karibu sana na vya soko. Wakisema "kiwango chetu cha siku", uliza zaidi kabla hujasaini chochote.

Sehemu nyingine ni mwenye ATM. Huyo si benki yako, ana ada yake, na kadi yako hata iwe nzuri vipi haiwezi kumzuia. Zipo kadi chache ambazo benki inakurudishia ada hiyo baadaye, lakini ni chache kweli. Kadi nyingi za kampuni za kwenye simu hukuruhusu kutoa bila kukatwa hadi kikomo fulani cha mwezi, ukikivuka makato yanaanza. Kama unakokwenda watu bado wanalipana kwa noti, soma hicho kikomo kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye tangazo.

Halafu kuna wikendi. Masoko ya fedha yakifungwa, baadhi ya kampuni huongeza asilimia kidogo kujikinga na bei kupanda au kushuka. Kama kadi yako inakubali kushika salio la sarafu zaidi ya moja, badilisha siku za kazi uweke tayari.

Kwa kampuni za kwenye simu, majina yanayotajwa sana ni Wise, iliyoanza 2011 ikiitwa TransferWise, na Revolut ya 2015. Wise hutumia kiwango cha kati cha soko, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, na ada yao ya kubadilisha inaonekana wazi pembeni, kwa hiyo nayo si bure, ila unajua unacholipa. Kabla ya yote angalia kama wanatoa kadi kwa wakazi wa nchi unayoishi sasa, maana si kila nchi imo.

Kibindo

Mimi naona mnamchanganya kijana. Badilisha hela yako taslimu kabla ya kuondoka, weka mahali salama, tumia. Hakuna mashine ya kukukata.

Mama Hesabu

Ndugu Kibindo, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Duka la kubadilisha fedha linapata faida yake kwenye pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, na pengo la kwenye viwanja vya ndege ndilo pana zaidi. Wakiandika "hatutozi kamisheni" ni mchezo uleule aliousema Mzee wa Risiti. Kisha mwanafunzi wa miezi kadhaa atembee na ada na pango lake mfukoni? Noti zikiibiwa ndiyo zimekwenda. Kadi unaifunga kwenye simu hapohapo. Taslimu abebe ya kumfikisha siku ya kwanza, basi.

Njia Panda, kuhusu debiti au mkopo: chukua zote mbili ukiweza, kila moja ina kazi yake. Kwa kutoa hela ATM tumia debiti tu. Kadi ya mkopo ukitolea taslimu, kwa kawaida riba inaanza siku hiyohiyo, haisubiri mwisho wa mwezi, na ada ya kutolea ipo pembeni. Hata kadi ya mkopo iliyoandikwa haina ada ya nje, hapo itakukata.

Ila hotelini na kwa wakodisha magari, ya mkopo ndiyo yenyewe. Wanashikilia kiasi fulani cha dhamana. Kwenye debiti inashikiliwa hela yako halisi, na inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa hata baada ya kuondoka. Umekaa unaangalia salio unaloliona lakini huligusi. Kwenye ya mkopo kinachopungua ni kikomo chako tu. Kadi za kujaza kabla wakodisha magari wengi hawazitaki kabisa.

Shahidi wa Macho

Wakuu, mmesahau linalowaumiza watu wengi, nalo halitegemei kadi uliyonayo.

Unafika kulipa, mashine inakuonyesha kiasi mara mbili: juu sarafu ya pale ulipo, chini sarafu ya nyumbani kwako, kila kimoja na kitufe chake. Cha nyumbani kinavutia kwa sababu unakielewa papo hapo. Ukikibonyeza, anayebadilisha hela si benki yako tena wala si Visa, ni kampuni inayoendesha ile mashine, kwa kiwango inachopanga yenyewe. Nyongeza yake huvuka asilimia 5 bila shida, na kwenye ATM inaweza kupita 10. Kadi yako isiyo na makato umeshaifuta kazi kwa kidole kimoja. Tena kuna benki zinazotoza ada ya muamala wa nje hata ukilipa kwa sarafu ya nyumbani, kwa sababu mfanyabiashara yuko nje. Unakatwa kote kote.

Kwenye ATM wanaandika "endelea na ubadilishaji" na "endelea bila ubadilishaji". Chagua bila. Muamala hautakataliwa, hela inatoka kama kawaida. Hotelini wakati mmoja mhudumu alinichagulia sarafu ya nyumbani bila kuniuliza. Nilisoma risiti nikiwa bado pale kaunta, nikaomba afute na kurudia, akafanya. Ni haki yako kuchagua, usione aibu kuwachelewesha waliopo nyuma yako. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2020 sheria inataka nyongeza hiyo ionyeshwe kwa asilimia, ikilinganishwa na kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Kwa hiyo itafute namba hiyo, ingawa kwa kadi iliyotolewa nje ya Umoja huo huenda usiione.

Njia Panda (mleta uzi)

Shukrani sana wakuu, nimewasoma wote. Nilivyoelewa: nichukue debiti yenye salio la sarafu nyingi kwa matumizi ya kila siku na ATM, na ya mkopo isiyo na ada ya nje kwa hoteli na dharura. Sarafu nichague ya hukohuko kila mara.

Bado mawili. Hizo kadi mbili zikiwa za mtandao mmoja kuna shida? Na nikilipa mtandaoni, ule ujumbe wa namba ya uthibitisho utanifikiaje laini yangu ikiwa imezimwa?

Mama Hesabu

Mtandao wabadilishe, moja Visa na nyingine Mastercard, na ziwe za taasisi mbili tofauti. Mfumo wa benki moja ukilala, au wakishuku muamala wakaifunga kadi, ya pili inafanya kazi. Usizibebe kwenye pochi moja.

Ujumbe ni jambo la kulimaliza kabla hujapanda ndege. Washa uthibitisho wa ndani ya programu ya benki, ule unaopitia intaneti, halafu ujaribu kwa kununua kitu kidogo mtandaoni. Benki inayotuma kwa ujumbe wa simu tu, hakikisha laini yako inapokea ujumbe ukiwa nje, na usiiache ikafungwa. Namba ya siri iwe ya tarakimu nne, kuna ATM hazikubali zaidi.

Mzee wa Risiti

Naunga mkono. Na maombi yaanze wiki hii, mkuu. Kadi ya plastiki huja kwa posta, na wengi wanaituma kwenye anwani ya nchi uliyosajiliwa tu. Ukishaondoka, kuifuata ni kazi.