Je, bakteria wenye jina moja wana faida moja tumboni?

MfugajiNachingwea:
Nawasalimu wote. Ninauza mtindi wa ng'ombe wangu hapa Nachingwea, na akina mama wengi huununua kwa ajili ya watoto wao. Nimeelezwa kuwa ndani yake mna bakteria wa Lactobacillus, jina lilelile linalosomeka kwenye vidonge vya probiotiki (bakteria hai wanaomezwa kwa ajili ya afya) vya duka la dawa. Je, jina likiwa moja, ni haki kumwambia mama ambaye mtoto wake anaharisha kwamba mtindi wangu utafanya kazi ya vidonge vile?

MwalimuBiolojia_Mtwara:
Ndugu yangu, si haki, kwa sababu jina linaficha mengi. Mtazame Escherichia coli, bakteria anayeishi matumboni mwetu: nasaba (yaani tawi moja ndani ya spishi) ya maabara iitwayo K-12 ina jenomu, yaani seti nzima ya vinasaba, ya herufi za DNA zipatazo milioni 4.6, ilhali O157:H7, inayosababisha kuhara damu, ina takriban milioni 5.5, na katika ziada hiyo ndimo zilimo jeni za sumu yake. Spishi hiyohiyo ndiyo iliyotupatia Nissle 1917, nasaba ambayo daktari Mjerumani Alfred Nissle aliitenga kutoka kwa askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Hutumika kama probiotiki hadi leo, ingawa jenomu yake imekutwa na jeni za kutengeneza kolibaktini, kemikali inayoweza kudhuru vinasaba vya seli zetu. Lactobacillus nayo ilikusanya bakteria waliotofautiana mno, hata mwaka 2020 wanasayansi waliolinganisha jenomu zao wakaigawa katika jenasi (makundi ya spishi zinazokaribiana) 25.

Maabara_Lindi:
Ninaungana na mwalimu. Kwa mujibu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) mwaka 2001, probiotiki ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humletea mtumiaji faida ya kiafya, kwa hiyo faida lazima ithibitishwe kwa nasaba yenyewe. Mimi ningeanza na usalama: jenomu huonyesha kama bakteria amebeba jeni za usugu wa antibiotiki zinazoweza kuhamia kwa bakteria wengine tumboni. Tena matumbo hayafanani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 haukukuta Bifidobacterium, ambaye huuzwa sana kama probiotiki, kwa Wahadzabe watu wazima waliopimwa, nao ni Watanzania wenzetu.

Mtoto anayeharisha apewe ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na zinki, na apelekwe zahanati. Mtindi uuze kama chakula bora, maana ndivyo ulivyo.

MfugajiNachingwea:
Nashukuru sana, nitawaeleza hivyo. Je, nichemshe maziwa kabla ya kugandisha?

Maabara_Lindi:
Ndiyo, chemsha, kwani maziwa mabichi yanaweza kuwa na vimelea vya brusela na kifua kikuu. Yakipoa, tia mtindi kidogo wa jana kama mbegu. Mbegu ya nyumbani, hata hivyo, ina mchanganyiko wa nasaba unaoweza kubadilika, kwa hiyo hata ukipimwa leo, majibu hayatausemea mtindi wa mwezi ujao.