Shahada kwa elimu ya masafa: nianzie wapi?

Ndugu wanajumuiya, salaam. Ninaishi Marekani, ninafanya kazi zamu za usiku, na nina watoto wadogo, hivyo siwezi kuhudhuria darasani. Kabla ya kuhama nilisoma chuo kikuu mwaka mmoja. Je, masomo yale yatahesabiwa? Na nitakitambuaje chuo cha kweli, maana vipo vinavyotangaza shahada kwa "uzoefu wa maisha"?

Jibu:

Dada, salaam. Naomba nianze na swali la pili, kwa sababu ukikosea hapo, la kwanza halina maana tena. Hakikisha kwamba chuo kina ithibati ya chombo kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani au na CHEA, baraza la Marekani la ithibati ya elimu ya juu. Orodha zao husomwa bure mtandaoni, nawe uzitafute mwenyewe badala ya kuamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya chuo, kwani matapeli nao hujiundia vyombo vya ithibati. Uzoefu wa kazi unaweza kukupatia krediti (vipimo vya masomo vinavyojumlishwa hadi kufikia shahada) katika vyuo halali, lakini lazima uandae jalada la ushahidi linaloonyesha kwamba unayajua yanayofundishwa katika kozi fulani, kisha mtaalamu alipime. Anayekuahidi shahada nzima kwa kutazama wasifu wako anakuuzia karatasi.

Shahada ya kwanza hapa kwa kawaida ni krediti 120, na vipo vyuo vilivyoanzishwa mahsusi kwa watu wazima wenye krediti za huku na huku: Excelsior ya New York (1971), Thomas Edison State ya New Jersey (1972) na Charter Oak State ya Connecticut (1973). Kazi yao kubwa ni kukusanya ulichokwisha kusoma kwingine na kukuonyesha kilichobaki. Kwa hiyo chagua chuo kwanza, ndipo ulipie tathmini ya matokeo yako ya nyumbani, kwa sababu kila chuo kina orodha ya mashirika ya tathmini kinayoyakubali. Omba tathmini ya kozi moja moja, si ile ya jumla inayosema tu kwamba cheti chako ni sawa na kipi. Anza mapema pia kufuatilia nakala rasmi za matokeo, ambazo mara nyingi hutakiwa zitumwe na chuo chenyewe. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo hatua inayochosha kuliko mitihani yote.

Kuhusu mitihani, ipo CLEP, mitihani ya kupata krediti kwa unachokijua tayari bila kuisoma kozi, inayotolewa tangu 1967. Alama zake ni kati ya 20 na 80, na alama 50 ndiyo inayopendekezwa kupewa krediti, ingawa kila chuo kina kanuni zake. CLEP haina Kiswahili, lakini ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ina mtihani wa mazungumzo wa Kiswahili ambao vyuo kadhaa huutolea krediti. Nashangaa jinsi wengi wetu tunavyoipita fursa hii huku tukilipia kozi za lugha tusizozihitaji. Kabla ya kulipia mtihani wowote, pata jibu la maandishi kutoka chuoni kwamba krediti hizo zitaingia kwenye shahada yako, na zitajaza nafasi ipi.

Nyongeza kutoka kwa mwanajumuiya mwingine:

Naunga mkono, ila naongeza mambo mawili. Anayeanza uuguzi asitegemee kumaliza yote mtandaoni, kwa kuwa mafunzo ya vitendo kwa wagonjwa hayakwepeki. Aliyekwisha kupata leseni ndiye anayeweza kuikamilisha shahada kwa masafa kwa sehemu kubwa. La pili ni kwa walio na viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni: katika muhula mmoja, kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti 3, ndiyo inayohesabiwa kwenye mzigo kamili wa masomo. Mwenye viza hiyo aonane na ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwake kabla ya kujisajili.