Mrejesho: Hasira zangu na ahadi za kila Jumapili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ni yule dada wa Kigoma niliyeuliza: nimeokoka, nafunga, namwahidi Mungu kila Jumapili, lakini hasira na matusi vinarudi palepale. Je, wokovu wangu ni wa kweli?

Wengi mlinielekeza Warumi 7 na 8. Nilizoea kuisoma 7 peke yake, nikiishia kwa Paulo analia, "Ole wangu, maskini mimi!" Kumbe 8:1 inafuata hapohapo: hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Mama mchungaji akaniongezea Tito 2:11-12, na hiyo ndiyo iliyonishika zaidi. Neema haisamehe tu na kuondoka. Inatufundisha kukataa ubaya. Ni mwalimu anayebaki darasani na mwanafunzi mzito wa kuelewa.

Juzi pale Kibirizi mteja wangu wa dagaa alikana deni mbele za watu, na jina lake limo kwenye daftari. Tusi lilishafika mdomoni. Nikasema moyoni, "Bwana, mimi siwezi, nisaidie," nikafunga daftari, nikaendelea kugeuza dagaa juani. Hela bado hajalipa.

Kwa watoto nyumbani bado naanguka, nisiwadanganye. Ila sisubiri tena Jumapili ndipo nitubu. Nawaomba msamaha palepale, hata jikoni. Na aliyeuliza kama neema si ruhusa ya kutenda dhambi, asome Warumi 6:1-2, Paulo alishamjibu.

Tuzidi kuombeana.